Swali la Tatu

Jumatatu asubuhi mwalimu wa darasa la binti yangu alinipigia simu kunishukuru kwa kukubali mtoto aende safari ya siku tatu na wenzake. Nikamwambia sijakubali kitu. Akasema kwa adabu ya mtu mwenye ushahidi:

"Mama, tuliongea Alhamisi jioni. Ulisema sawa, na ukaniuliza wabebe nguo gani."

Alhamisi jioni nilikuwa bafuni na simu ilikuwa sebuleni kwenye chaji. Sauti yangu na ya binti yangu ni moja. Mama yangu mzazi akipiga simu huwa anamaliza kumsimulia mjukuu wake habari za goti lake lote ndipo agundue kwamba si mimi. Nilimwambia mwalimu nitamrudia, nikakata simu, nikafungua faili la shamba namba kumi na saba, kwa sababu lilikuwa na siku tano tu za kuishi.

Mfuko wetu unanunua ardhi kwa ajili ya wanyamapori. Wafadhili wanatoa ruzuku, na mimi ndiye ninayezisimamia: mthamini apeleke ripoti yake, mpima ardhi aweke mawe ya mpaka, mwanasheria akague hatimiliki, hadi siku inapoandikwa kwamba ardhi ile haitalimwa wala kujengwa tena. Watu wakisikia hivyo hudhani nashinda na tembo. Kwa miaka kumi na miwili nimewaona tembo mara nne, na mara mbili kati ya hizo dereva ndiye aliyeniamsha. Kazi yangu ni karatasi. Ofisini wananiita Mama Fomu, na sijawahi kukasirika, maana fomu hazijijazi zenyewe.

Miaka saba tulikuwa tunanunua njia moja, inayowatoa wanyama msitu wa juu na kuwafikisha kwenye maji ya bondeni. Mashamba kumi na saba. Kumi na sita tulishayapata. La kumi na saba liko shingoni, kati ya kilima cha mawe na korongo, mahali ambapo njia yote inabanwa hadi upana wa mita mia tatu. Bila hilo, yale kumi na sita ni chupa yenye kizibo. Mwenye shamba ni bibi mjane wa miaka sabini na sita, na kwa ajili ya mahali lilipo shamba lake sisi tulimwita Bibi Kizingiti, ingawa hatukumwambia. Ruzuku ya kumlipa ilikuwa inaisha Ijumaa. Kila karatasi ilikuwa tayari isipokuwa moja, na hiyo ilikuwa inasubiri sahihi yangu: Fomu ya Hiari.

Fomu hii niliibuni mimi. Miaka sita iliyopita tulinunua shamba namba nne kutoka kwa mzee mmoja aliyesaini huku wanawe wawili wamesimama nyuma ya kiti chake. Kila kitu kilikuwa halali. Miezi mitatu baadaye walinzi wetu wakanipigia simu: mzee anakuja kila asubuhi, anakaa juu ya jiwe la mpaka, mchana anaondoka. Hasumbui mtu, hajibu salamu. Wakaniuliza wamfanye nini. Ndipo nikaandika kanuni: muuzaji aulizwe swali moja mara tatu, siku tatu tofauti, akiwa peke yake, akiwa kwenye ardhi yake, ndugu yeyote akiwa mbali asisikie. Unauza kwa hiari yako, na unajua kwamba ukikataa hakuna atakayekufanya lolote? Ndiyo zikitimia tatu, ndipo ninasaini. Wafadhili waliipenda sana wakaifanya sharti la kila ruzuku.

Kwenye fomu ya Bibi Kizingiti palikuwa na ndiyo tatu. Ya kwanza nilienda mwenyewe, ya pili nilienda mwenyewe. Ya tatu, mwezi uliotangulia, niliuliza kwa simu.

Sina maelezo marefu. Mama yangu alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti, wiki nzima nilikuwa namgeuza, namwogesha, nagombana naye kuhusu dawa. Gari la ofisi lilikuwa kwa fundi. Kwenye faili palikuwa na namba ya simu ya muuzaji, nikapiga, sauti ya kike ikaitika pole pole, nikasoma swali, sauti ikasema ndiyo mwanangu, nauza kwa hiari. Nikaandika tarehe. Kwenye nafasi ya "Mahali" mkono ukaandika wenyewe, kwa mazoea: Shamba namba 17.

Shambani kwa bibi hakuna mtandao. Nilikuwa nalijua hilo. Nimesimama pale mara mbili nimeinua simu juu kama mtu anayeomba mvua. Mtu anayejua kwamba mahali hapana mtandao, anampigia simu mtu wa hapo, inapokewa kwenye mlio wa kwanza, na hashangai. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimechoka.

Sikuliona hilo Jumatatu ile nilipofungua faili. Nililiona saa nne, mpima ardhi alipoingia na picha zake.

Mpima ardhi wetu tunamwita Kamba, kwa sababu alianza kazi enzi za kupima kwa kamba na mpaka leo haamini kifaa chochote chenye betri. Kabla ya kila ununuzi anapiga picha za shamba zima, kila ukuta, kila mti, ili kesho mtu asije akasema alikuwa na ghorofa. Aliniwekea picha arobaini na mbili mezani, akavuta kiti.

"Kazi imekwisha," akasema. "Gonga mhuri tukalale."

Nikazipitia. Nyumba ya bibi, mlango wa bati. Jiko lililovunjwa na tembo, na jingine jipya upande wa pili. Jiwe la mpaka la kaskazini, la mashariki. Picha ya thelathini na moja ilionyesha nyuma ya nyumba: safu mbili za miche, kila mmoja umezungushiwa vijiti na kufunikwa na majani makavu dhidi ya jua. Udongo kwenye mashina ulikuwa mweusi kwa maji.

"Hii ni nini?"

"Michungwa. Kumi na miwili. Kwenye ripoti nimeandika mimea michanga."

"Ulipiga lini?"

"Juzi Jumamosi. Bibi mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Akanipa na ndoo nimbebee, akasema mwanaume mzima utasimamaje mikono mitupu."

"Mchungwa unazaa baada ya muda gani?"

Kamba akafikiri. "Miaka minne, mitano. Mke wangu alipanda mmoja tulipooana. Ulipoanza kuzaa tulikuwa tumeshaacha kuongea."

Sikucheka. Nilikuwa naangalia vile vijiti. Muuzaji wetu anapewa siku sitini za kuhama. Hakuna mtu anayehama baada ya siku sitini anayekata vijiti arobaini na nane, akavinoa ncha, akaamka asubuhi kumwagilia michungwa. Hapo hapo nikakumbuka mwalimu wa binti yangu na adabu yake, "Ulisema sawa".

"Kamba," nikasema, "kule kwa bibi simu inashika?"

"Simu? Kule hata redio inakohoa."

Nikavuta faili, nikapiga ile namba. Ikapokewa mlio wa kwanza.

"Bibi, shikamoo. Ni mimi wa Mfuko."

"Marahaba mwanangu," ikasema sauti, pole pole.

"Habari za shamba?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

"Na ile miche inaendeleaje?"

Nyuma ya sauti ile nilisikia mlango wa kioo ukifunguliwa na mtu akiulizia dawa ya kikohozi.

"Miche gani?" ikasema sauti. Safari hii haikuwa ya pole pole.

"Naongea na nani?"

"Mama amelala."

"Kwa hiyo wewe si mama."

Akashusha pumzi. Alikuwa binti wa pekee wa bibi, anauza kwenye duka la dawa mjini. Nilishamwona mara moja, siku ya kwanza, ndiye aliyetuandikia ile namba.

"Dada, nisikilize," akasema. "Usinione mwizi. Alikubali mara mbili mbele yako, mimi nilimalizia tu. Yuko peke yake kule. Mwaka jana tembo alimvunjia jiko akiwa amelala chumba cha pili. Zahanati ni mwendo wa saa mbili, na miguu yake siyo ile. Nina chumba kimeshapakwa rangi kinamsubiri. Wewe mama yako ungemwacha huko?"

Mama yangu wakati ule alikuwa kitandani kwangu, na mimi nilikuwa nalala na binti yangu anayepiga mateke. Nilitaka kumjibu kwamba mimi nisingemwigiza sauti. Lakini sikuwa na uhakika ningefanya nini.

"Nitakuja kumuuliza Jumatano," nikasema. "Yeye mwenyewe."

"Mtamharibia," akasema, akakata.

Kamba alikuwa amekunja mikono, anatazama dari kama mtu ambaye hajasikia.

Mkuu wetu ni mtu mzuri aliyechakaa. Ana shati la akiba nyuma ya mlango na dawa za vidonda vya tumbo kwenye droo. Nilimweleza nikiwa nimesimama: swali la tatu niliuliza kwa simu, aliyejibu si muuzaji, kwenye fomu nimeandika mahali ambapo sikwenda. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Una ndiyo mbili za kweli," akasema.

"Kanuni inasema tatu."

"Kanuni uliiandika wewe."

"Ndiyo maana."

Akasimama akaenda kwenye ramani ukutani. Mashamba kumi na sita tuliyapaka kijani, moja baada ya jingine, kila mara kwa keki ndogo na hotuba fupi. Katikati palikuwa na kipande cheupe, kidogo kama jino.

"Unajua nani anasubiri hapa," akasema. Nilijua. Kulikuwa na mtu wa machimbo aliyekuwa anakitaka kile kilima kwa ajili ya mawe, tulimwita Mwenye Kokoto. "Ijumaa ikipita, pesa inarudi. Maombi mapya ni miezi minane, yakipita. Yule bwana hana fomu, ana malori. Akiingia pale tembo watapita wapi, hewani? Tumekula miaka saba. Wewe umekula miaka saba."

"Najua."

"Na bintiye hana nia mbaya."

"Hata wale wawili nyuma ya kiti hawakuwa na nia mbaya, Mkuu."

Mkuu alikuwepo mwaka ule. Ndiye aliyewaagiza walinzi wampe mzee maji.

"Nenda Jumatano, gari limetoka kwa fundi," akasema mwishowe. "Lakini ukifika uliza kama unavyouliza siku zote. Usiende kumtafutia hapana ili upate usingizi."

Hilo lilinichoma, kwa sababu alinijua.

Jumatano Kamba alikuja nami kwa sababu anajua njia ya mkato, na njia yenyewe ilikata gurudumu. Tulifika saa tano badala ya saa tatu. Binti wa bibi alikuwa ameshatangulia. Alikuwa amesimama mlangoni na viatu vya kazini, amejifunga mkoba kifuani, macho mekundu.

"Shikamoo tumeshapeana kwenye simu," akaniambia.

"Kanuni inasema ndugu akae mbali. Nakuomba ukakae kwenye gari."

"Kwenye gari? Nyumbani kwetu nifukuzwe mimi?"

"Nusu saa tu."

"Twende mdogo wangu," Kamba akamwambia, "nitakuonyesha gurudumu letu. Lina historia."

Akaenda, lakini alikwenda akigeuka nyuma.

Bibi alikuwa kwenye miche. Alikuwa na kopo lililotobolewa chini kwa msumari, analishikilia juu ya kila shina, anahesabu kimya, anahamia lingine. Aliponiona hakuacha.

"Umekuja," akasema. "Umekonda. Chukua kopo lile, safu ile bado."

Nikachukua. Nikamwagilia. Sijui mtu anayeweza kupewa kopo na mwanamke wa miaka sabini na sita akabaki ameshika kalamu. Tulifika mwisho wa safu pamoja.

"Bibi, nimekuja kuuliza swali."

"Lile lile?"

"Lile lile."

"Nyinyi mna swali moja tu, jamani." Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akanionyesha nafasi pembeni yake. "Nimekubali mara mbili. Hujaridhika?"

"Nilidhani nimeridhika."

Akanitazama. "Unajua kwa nini nilikubali mara ya kwanza?"

"Sijui."

"Ulikuja na mvua. Viatu vimejaa tope mpaka vimekuwa kama mikate. Ukakaa hapo hapo ulipokaa sasa, ukasema samahani bibi, nipumzike dakika moja. Ukasinzia, mdomo wazi, karatasi mapajani. Nikasema moyoni, mtoto wa watu huyu, akirudi bila jibu watamtuma tena na mvua hii. Ulipoamka ukauliza, nikasema ndiyo."

Nilihisi damu inanipanda usoni. Ile ndiyo ya kwanza nilishaiandikia ripoti nzima. Niliita "muuzaji mwenye utulivu na uelewa kamili".

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili nilikuwa nimeshasema mara ya kwanza. Mtu mzima hageuzi maneno kama godoro. Na mwanangu alikuwa ameshanunua rangi."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu hukuja." Alisema bila lawama, kama mtu anayesema mvua haikunyesha. "Uliniambia mwenyewe, bibi nitakuja mara tatu, ya tatu ndiyo ya mwisho. Nikahesabu siku. Nikafagia uwanja. Hukuja. Wiki ikaisha, ya pili ikaisha. Nikasema, basi wameacha, Mungu ni mkubwa. Nikatuma mtu mjini aniletee miche."

Kwa mbali niliona Kamba amechuchumaa karibu na gurudumu, anaeleza kitu kwa mikono yote miwili. Binti wa bibi hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatutazama sisi.

Nilitakiwa kusoma swali. Mdomo wangu ulikuwa na maneno mengine kabisa. Nilitaka kumwambia kuhusu Mwenye Kokoto na malori yake, na kile kipande cheupe kwenye ramani, na miaka saba. Nilitaka pia kumwambia, bibi sema hapana, usituangalie. Mkuu alikuwa amenionya kuhusu moja, na hiyo nyingine nilijionya mwenyewe njiani. Nikafungua fomu nikasoma kama ilivyoandikwa, pole pole, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Hapana," akasema bibi.

Nikangoja. Kanuni inasema usiongeze neno, mpe muda.

"Hapana," akarudia. "Siuzi. Hao tembo wenu wanapita hapa tangu sijaolewa. Jiko langu lilikuwa njiani kwao; nimejenga upande huu, hatujagombana tena. Sijaweka waya wala sitaweka. Wewe unataka wapite, na wanapita. Sasa mimi nitoke ili iwe nini?"

"Ili na baada yako wapite, bibi."

Nilishakosea, nilikuwa nimeongeza neno. Lakini lilikuwa jibu la haki, na yeye alilipokea hivyo. Alifuta mikono kwenye kanga yake akafikiri.

"Baada yangu," akasema, "muulize yule aliyeko kwenye gari. Naye umuulize mara tatu. Na uje kwa miguu yako."

Nikaandika Hapana chini ya ile ndiyo ya simu. Kwenye "Mahali" nikaandika Shamba namba 17, na safari hii ilikuwa kweli. Kisha nikafunga kalamu na sikusimama.

"Sasa pumzika," akasema bibi. "Nimeshakujibu, hakuna anayekudai kitu."

Sikusinzia, lakini nilikaa.

Kwenye gari binti yake hakungoja nifungue mlango.

"Amesemaje?"

"Amekataa."

Alitazama nyumba kwa muda. Nilidhani atapiga kelele, nilikuwa nimeshajiandaa. Badala yake alivua mkoba kifuani taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani bila kupenda.

"Chumba kile nilipaka rangi mwenyewe," akasema. "Jiko likivunjwa tena nitakupigia wewe."

"Nipigie," nikasema. "Kwa sauti yako."

Kamba akakohoa akawasha gari. Njiani hakuzungumza, isipokuwa mara moja tulipovuka korongo. "Michungwa kumi na miwili," akasema. "Tembo wanapenda machungwa vibaya sana, unajua." Nikamwambia anyamaze.

Alhamisi nilikaa ofisini kutwa. Kwanza nilikata kwa mstari mmoja ile ndiyo ya simu, nikaandika pembeni kwamba iliulizwa na mimi, kwa simu, kwa mtu asiyethibitishwa, na kwamba mahali palipotajwa si pa kweli. Nikasaini. Nilipata shida zaidi na ile ndiyo ya kwanza, kwa sababu yote ilifuata kanuni na bado haikuwa ndiyo. Niliiacha kama ilivyo. Kisha nikaandika barua kwa wafadhili kurudisha ruzuku: muuzaji ametumia haki yake. Sentensi ile niliiandika mara nne, ikawa inatoka kama malalamiko. Mara ya tano ikatoka sawa.

Mkuu alisoma zote mbili akiwa amesimama. Alipofika kwenye maelezo ya pembeni alisoma mara mbili.

"Kwa hili nitalazimika kukupa barua ya onyo," akasema.

"Najua."

"Iandike, nitasaini. Wewe ndiye unayejua kuziandika."

Nikaiandika. Ilikuwa barua nzuri, kali, fupi. Mkuu alipunguza neno moja akasema nimezidisha. Kisha akachukua kalamu ya kijani iliyokuwa imelala chini ya ramani tangu mwezi uliopita, akaitazama, akairudisha kwenye droo pamoja na dawa zake. Mwenye Kokoto alikuwa ameshapiga simu mapokezi mara mbili wiki ile kuulizia kama shamba la bibi linauzwa. Mapokezi walimwambia haliuzwi. Hilo tu ndilo tulilokuwa nalo.

Nilifika nyumbani jua bado lipo. Mama yangu alikuwa sebuleni, mguu juu ya stuli, anamsimulia mjukuu wake habari za goti. Nilipovua viatu binti yangu alikuja akanipokea mkoba, jambo ambalo halifanyi bila sababu.

"Mwalimu amenifokea," akasema. "Amesema nimejifanya wewe."

"Ulijifanya mimi."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ungeniuliza ungejua."

Akakaa kwenye mkono wa kiti changu. Mama yangu alipunguza sauti ya redio ili asikie vizuri.

"Basi nakuuliza sasa. Naomba niende safari. Siku tatu tu. Ndiyo?"

Mdomo ulishafunguka. Ndiyo ilikuwa pale pale, ingekuwa rahisi kuliko kitu chochote nilichofanya wiki ile. Angefurahi, angeondoka, ningelala.

"Usiniulize nikiwa nimechoka," nikamwambia. "Niulize kesho asubuhi. Na keshokutwa."

"Mara mbili?"

"Tatu. Jumapili ndiyo ya mwisho."

"Huyu naye," akasema mama yangu, akaongeza sauti ya redio.